Moto wa Juu, Moto wa Chini

Wajukuu wangu wanadhani naogopa umeme. Mama yao, binti yangu anayekaa Madale, ana jiko kubwa lenye mlango wa kioo na vichoro vidogo kwenye kila swichi: kistari cha chini maana yake moto wa chini, kistari cha juu maana yake moto wa juu, vyote viwili pamoja, na kifeni cha kuzungusha joto. Nikienda kumtembelea napika kwenye mafiga yake ya juu, wali, mchuzi, chochote, lakini oveni siigusi. "Bibi, haing'ati hii," wananiambia. Nawaacha wacheke. Oveni naijua vizuri sana. Nilifundishwa na mtu, na jinsi nilivyomlipa mtu huyo ndilo jambo ninalotaka kuliandika, maana nimezeeka na sijamwambia yeyote, hata mume wangu mpaka nikamzika.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili. Mume wangu alikuwa karani, akahamishiwa Dar es Salaam kutoka bara, tukapanga chumba Temeke katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, na hilo darasa la sita nilihakikisha kila mpangaji amelisikia kabla wiki haijaisha.

Chumba kilichotazamana na changu alikaa mama mmoja mtu mzima, mjane, mwenyeji wa pwani hiyohiyo. Siku ya tatu alisimama nyuma yangu uani, akatazama ninavyopika, akatikisa kichwa.

"Wewe mwanangu unapika kama unamkomoa mtu," akasema. "Kila kitu unachemsha mpaka kinaomba radhi. Hebu sogea."

Nilikasirika, lakini nikasogea. Alinifundisha kukuna nazi bila kukwangua kifuu, kutenga tui zito na tui jepesi, kujua mchuzi umeiva kwa harufu. Nilipopoteza mimba ya kwanza yeye ndiye aliyenikanda na kuninywesha uji, na mume wangu alipokuwa kazini alikaa mlangoni kwangu ili wenye maneno yao wasiingie. Kwetu bara nilikuwa na mama yangu. Temeke nilikuwa naye yeye.

Kazi yake ilikuwa kupika mkate wa kumimina. Asiyeujua asidhani ni mkate wa dukani. Mchele unalowekwa, unatwangwa laini, unachanganywa na tui, hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, kisha unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli. Siri yote iko kwenye moto. Kwanza moto wa chini peke yake, mdogo, mpaka uso wa mkate utoe vitundu na kukauka. Baada ya hapo ndipo unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, ili moto wa juu uupe rangi. Ukiwahisha moto wa juu, mkate unafunga uso na ndani unabaki uji. Mama huyo alikuwa hatazami saa. Aliweka kiganja juu ya mfuniko, akasikiliza, akasema, "Bado," au, "Haya." Harusi na maulidi za mitaa ile hazikukamilika bila mikate yake, na kwa mikate hiyo alijilipia chumba chake.

Alikuwa na kaka yake Gongo la Mboto, ambako wakati huo kulikuwa mashamba matupu, na kila mwezi kaka huyo alikuja kumhimiza ahamie kwake, kwamba mwanamke kukaa peke yake mjini ni aibu kwa ukoo.

"Nikienda kule, nitakuwa mtoto wa wifi yangu," aliniambia. "Nitaambiwa nichanje kuni saa ngapi na nile wapi. Hapa mie ni mtu. Nina ufunguo wangu."

Basi likaja jiko. Palikuwa na jumba la ustawi wa jamii, la wefea kama tulivyoliita, ambako wanawake wa Temeke walikutana kila Jumatano kushona na kufundishwa usafi wa watoto. Mke wa ofisa mmoja wa Kizungu, tuliyemwita memsabu, ndiye aliyetusimamia. Siku moja akaleta jiko la umeme lililotoka katika nyumba ya Mzungu aliyerudi kwao. Lilikuwa jeupe, limesimama kwa miguu minne, na juu lina sahani tatu za chuma za kupikia. Chini kulikuwa na oveni yenye nyaya mbili za moto, moja kwenye dari yake na nyingine kwenye sakafu. Mbele lilikuwa na swichi tano nyeusi za kuzungusha, kila moja inalia tak ukiisogeza. Memsabu akauliza nani anasoma Kiingereza awasomee wenzake maandishi. Nikawa nimeshasimama kabla hajamaliza.

Nilipoinama kusoma, hapakuwa na kitu. Wapishi wa miaka yote walikuwa wamesugua rangi ya maandishi mpaka ikaisha. Palibaki mkwaruzo hapa na kijistari pale, basi. Mtu mwenye akili angesema, "Memsabu, yamefutika." Mimi nilikuwa na wanawake thelathini mgongoni kwangu wanaosubiri darasa la sita lizungumze. Nikanyoosha kidole nikasoma: "Hii ya chai. Hii ya wali. Hii ya nyama. Hizi mbili za mikate, mikate midogo na mikate mikubwa." Memsabu alikuwa ameshatoka nje kuongea na dereva wake. Wanawake wakanipigia makofi.

Wiki mbili watu walipika chai kwenye swichi ya chai. Maziwa yalifurika, wali ulikaa saa nzima bila kuchemka, maana sufuria zetu zilikuwa na matako ya mviringo yaliyobonyea na hazikukaa vizuri kwenye sahani bapa, na swichi nazo ziliwashwa kwa kubahatisha. Kila kosa nililitolea maelezo. Mama jirani yangu alikaa pembeni na kijaluba chake cha tambuu akitafuna na kutazama. Watu walipoondoka alibaki, akawa anageuza swichi moja moja, anahesabu tak, anaweka kiganja juu ya chuma na kusubiri. Oveni aliifungua akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kama anayemzalisha mbuzi.

"Mwanangu," akaniambia Jumatano iliyofuata tulipokuwa wawili, "hizi za mwisho mbili hazina mkate mkubwa wala mdogo. Hii ya kushoto ni moto wa chini. Hii ya kulia ni moto wa juu. Tak moja kutoka kwenye kufa, pale jiko linapozimika, ni mkali, mbili wa wastani, tatu mdogo. Hawa Wazungu nao wanapalia kama sie, ila makaa yao hayaonekani."

Nilitegemea atanicheka, na angekuwa na haki. Badala yake, wenzetu walipoingia, akawatangazia, "Mwalimu aliwasomea sawasawa, ila jiko lenyewe limechoka, swichi zimehama. Sasa tutazitia alama." Akachovya kidole kwenye chokaa ya tambuu, akatia nukta nyeupe kwenye kila swichi na pembeni yake: nukta moja penye moto mkali, mbili penye wastani, tatu penye mdogo, na kistari mahali ambapo jiko limekufa. Tangu siku hiyo kila mtu alipika. Wanawake ambao hawajawahi kushika kalamu walisoma jiko lile kuliko mimi.

Alinisitiri, na mimi sikuweza kumsamehe kwa hilo. Najua ni jambo la ajabu kuliandika. Kila nilipoziona nukta zile niliona uwongo wangu umeandikwa mbele ya watu, ingawa hakuna aliyejua kuusoma isipokuwa sisi wawili. Watu wakaacha kuniuliza mimi. Wakawa wanamuuliza yeye.

Baadaye memsabu akatangaza kwamba mmoja wetu ataajiriwa kuwafundisha wengine jiko, kwa mshahara. Alitaka kwanza wageni wake waje waone mmoja wetu akioka kitu katika oveni. Hatukubishana. Wote tulisema ni yule mama na mkate wake wa kumimina, na nilisema na mimi, kwa sauti kubwa kuliko wengine. Yeye alifurahi kama mtoto. Jioni alinifuata chumbani. "Nikipata kazi ya serikali," akasema, "kaka yangu atafunga mdomo wake mpaka Kiyama."

Siku yenyewe nilipewa kazi ya kusafisha jumba asubuhi. Nikafagia, nikapanga viti, nikasugua meza. Kisha nikasimama mbele ya jiko. Jeupe, linang'aa, na zile nukta za chokaa zimetapakaa, nyingine zimechuruzika na kukauka. Nilijiambia wageni wa Kizungu wataona uchafu. Nilijiambia watatuona washamba. Nikalowesha kitambaa nikazifuta zote, na kwa kuwa nilikuwa nikisafisha swichi nilizizungusha huku na huku mpaka sikujua tena jiko limefia wapi. Hayo ya uchafu yalikuwa kweli kidogo. Kilichobaki kilikuwa wivu, nami nilijua ni wivu wakati kitambaa kiko mkononi mwangu.

Ningeweza kwenda kumwambia. Nyumbani palikuwa mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Sikwenda.

Alikuja amevaa kanga mpya, ana sinia kichwani na mkate wake umeumuka vizuri chini ya kawa. Wageni walikuwa wamekaa: Wazungu watano, liwali mdogo wa mtaa, wanawake wetu wamejaa madirishani. Akaweka sufuria ndani ya oveni, akafunga mlango, akainama kwenye swichi. Akakaa vile ameinama. Akageuza uso kunitazama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "alama zangu ziko wapi?"

Memsabu akaniuliza anasema nini. Watu wote walinitazama. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu wa darasa la sita, nikacheka kidogo, nikamwambia mbele ya wote, "Mama, si yameandikwa hapo? Soma tu."

Palikuwa hapana maandishi. Yeye alijua na mimi nilijua. Lakini wageni hawakujua, wala wanawake madirishani hawakujua. Wote waliona mwanamke asiyejua kusoma amesimama mbele ya maandishi. Uso wake ulishuka, sijaona uso unaoshuka vile tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi niwashie wewe. Chini, mdogo. Juu usiwashe kwanza."

Nikasogea kwa madaha. Ningeweza hata pale kusema sijui. Nikashika swichi, nikazungusha ile ya kushoto, nikahesabu tak tatu kutoka mahali nilipodhani ni kufa; ile ya kulia, niliyoizungusha ovyo asubuhi, sikuitazama. Nikawasha umeme ukutani, taa yake nyekundu ikawaka, nikarudi kwenye kiti changu karibu na memsabu, nikaanza kumtafsiria mapishi ya mkate wa kumimina kana kwamba ni wa bibi yangu.

Haukupita muda mrefu, yule mama akainua pua.

"Mwanangu, moto uko juu. Sukari inaungua. Nifungue."

"Usifungue," nikamwambia. "Memsabu ametufundisha, ukifungua joto linatoka."

"Nakwambia moto uko juu!"

"Jiko la umeme si la makaa, mama. Tulia."

Alinyoosha mkono kushika mlango wa oveni nami nikamshika mkono huo. Nilimshika mbele ya watu, mkono ulionikanda tumbo. Akauacha. Akarudi nyuma akasimama ameikumbatia kawa yake tupu, tukasubiri sote mpaka moshi ulipoanza kutoka pembezoni mwa mlango.

Mkate ulitoka mweusi juu kama tako la chungu, na memsabu alipoukata kwa kisu ukamwagika. Mgeni mmoja alikohoa kuficha kicheko. Memsabu akasema, "Pole sana," kwa upole kabisa, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza, nami nikasikia, kwamba wazee hawa ni wazuri lakini mitambo imewapita. Madirishani nikasikia, "Amezoea makaa, umeme si wake." Kazi nilipewa mimi kabla wageni hawajaondoka, kwa kuwa nilikuwa mtulivu na nilijua kusoma. Yeye alibeba sinia lake akaenda. Nilitamani ardhi ipasuke, na bado nilimshukuru memsabu kwa kumpigia goti.

Habari ilitembea mitaani kuliko nilivyodhani. Kwanza harusi moja ikaenda kuagiza mikate kwa mwanamke mwingine. Kisha maulidi ya mtaa wa pili. Watu hawakuwa na ubaya, walisema tu amezeeka, mkono umepotea, yale ya kule wefea si mmeyaona. Miezi miwili haikwisha, kaka yake akaja, na safari hii dada mtu hakubishana.

Siku mbili kabla ya kuondoka alinikuta jumbani asubuhi, niko peke yangu. Tangu siku ile tulikuwa tunasalimiana tu. Mimi nilisema, "Shikamoo, mama," yeye akasema, "Marahaba," na mlango ukafungwa.

"Nasikia huwafundishi oveni," akasema. "Nasikia umewaambia imeharibika."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nawafundisha sahani za juu tu, kwa kubahatisha na kwa kukumbuka.

"Chokaa haifutiki kwa kitambaa kikavu," akasema. "Ulilowesha."

"Ndiyo, mama."

"Ungekuja tu kuniambia. Ningewahi asubuhi, nikazitafuta tena kwa mkono. Ni kazi ya dakika chache."

Nilianza kulia. Alinitazama bila huruma na bila hasira, kisha akaushika mkono wangu akauweka juu ya swichi, na kiganja chake juu ya changu. Akazungusha mkono wangu. Tak. Akaingiza mkono wangu mwingine kwenye oveni mpaka nikasikia joto linatoka wapi. Alinirudisha mwanzo mara kumi, moto wa chini peke yake, wa juu peke yake, vyote viwili, mpaka nikaweza macho yamefumbwa. Asubuhi nzima. Jasho lilimtoka, ilibidi akae kupumzika, akaendelea.

"Haya," akasema mwisho. "Sasa hutaaibika mbele yao."

Nikamwuliza nimfanyie nini.

"Kazi sikuombi, kaka yangu keshatafuta gari. Waambie tu. Jumatano wakikaa, waambie mkate ule haukuungua kwa kosa langu. Mie sina mtoto, sina nyumba. Nina jina la mkate tu. Nirudishie, ili hata nikiwa kule kwa wifi yangu, mtu akitaka mkate wa harusi anifuate."

Nikamwahidi. Niliapa kwa Biblia yangu, na nilikuwa nasema kweli.

Aliondoka Jumanne. Jumatano wanawake wakaja, zaidi ya thelathini, wakakaa. Nilikuwa nimelala na maneno yale, nimeyapanga, najua nitaanzia wapi. Niliamua nipike kwanza, mkate ndio ushahidi, halafu niseme. Nikamimina. Moto wa chini, mdogo. Nikasubiri vitundu. Nikaweka kiganja juu ya mlango wa oveni, nikawasha moto wa juu. Mkate ukatoka rangi ya dhahabu, umepanda sawasawa, harufu ya iliki ikajaa jumba zima. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe ungemfundisha yule bibi wa watu kabla hajatujazia moshi!" Jumba likaangua kicheko, na kilinipata na mimi, nikacheka.

Kicheko kilipotulia, mwanamke aliyekaa mbele, mwenye mtoto mgongoni, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mkate wetu wa pwani namna hii, wewe wa bara, nani kakufundisha?"

Wote wakanigeukia wanisikilize. Nilikuwa na kisu mkononi.

"Nimeusoma kitabuni," nikasema, nikaanza kuwakatia.